Kupe wa Ndigana na Daftari la Mkopo

DA ZUU: Haya, karibuni tena kibarazani. Mimi Da Zuu, na mwenzangu yupo, leo kaja na kikohozi.

BABA LULU: Vumbi la mjini hilo. Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Da Zuu, tangu juzi unaniambia una kesi ya mwanafunzi wako.

DA ZUU: Kesi ni yangu, mshtakiwa mimi. Wasikilizaji wanajua nafundisha baolojia shule ya kata, na darasani nina watoto wa wafugaji. Kuna mmoja wa kidato cha pili, anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha. Ukimuuliza swali anasimama, anatazama viatu. Daftari jeupe. Mimi nilishamwandika moyoni: huyu mzito.

BABA LULU: Walimu mna haraka ya kuandika watu.

DA ZUU: Tunayo, sibishi. Sasa siku hiyo nafundisha vimelea. Nimechora kupe ubaoni, maneno yote ya Kiingereza yapo, darasa linanakili kama mashine. Kengele inakaribia, nimechoka, nikauliza tu kwa Kiswahili: kuna aliyewahi kuona ng'ombe mwenye ndigana, ule ugonjwa unaoletwa na kupe? Mkono ukanyooshwa kule nyuma.

BABA LULU: Yule yule.

DA ZUU: Yule yule. Akaja mbele, akamshika mwenzake hapa, chini ya sikio, pale taya linapoishia. Akasema, "Unapapasa hapa, madamu. Ukikuta kitu kigumu kimevimba, hiyo ni ndigana kali. Usingoje akohoe, akianza kutoa povu puani umechelewa." Halafu akaeleza kupe mwenyewe ni yule wa kahawia anayependa kujificha sikioni. Ndiyo maana nyumbani kwao mtu akikagua ndama anaanza na sikio.

BABA LULU: Hiyo anayoipapasa ni tezi.

DA ZUU: Si ndiyo! Tezi ile ile niliyoiandika ubaoni kwa Kiingereza, na ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuigusa kwa ng'ombe hata siku moja. Nimefaulu swali la ndigana chuoni, Baba Lulu. Mtoto ameijua kwa vidole tangu hajaanza shule.

BABA LULU: Kwa hiyo mzito ni nani?

DA ZUU: Usinimalize. (anacheka) Jioni ile nikamkumbuka Wangari Maathai, yule mama wa Kenya. Watu wanamjua kwa miti na kwa Nobeli ya Amani ya 2004, lakini kilichomfikisha kwenye miti ni kupe.

BABA LULU: Hebu.

DA ZUU: Miaka ya sabini mwanzoni yuko Chuo Kikuu cha Nairobi, mama mwenye udaktari wa falsafa, ameupata 1971, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Utafiti wake ni nini? Huyo huyo kupe wa kahawia anayeambukiza ndigana. Anakwenda mashambani kuokota kupe kwenye masikio ya ng'ombe. Sasa mtafiti mwingine angeokota kupe wake akaondoka. Yeye akaona ng'ombe wamekonda, mbavu zinahesabika. Akaona mito imegeuka rangi ya udongo. Akajiuliza kama kweli adui mkubwa wa yule ng'ombe ni kupe, au ni nchi yenyewe inayokwisha.

BABA LULU: Na kwa nini aone yeye?

DA ZUU: Kwa sababu alikuwa na picha ya zamani ya kulinganishia. Amezaliwa 1940 Ihithe, kule Nyeri. Karibu na kwao palikuwa na mugumo, mkuyu mkubwa, na mama yake akamwonya: kuni za mti huu hatuokoti, ni mti wa Mungu. Na jirani kuna kijito. Alipokwenda Oslo kupokea tuzo alikisimulia mbele ya wakubwa wa dunia: jinsi alivyokuwa akicheza katikati ya majani ya magimbi, Wakenya wanaita nduma, anaona mayai ya chura yamejipanga kwenye maji kama shanga, anaingiza vidole ayavae, yanakatika. Kila akijaribu yanakatika.

BABA LULU: Mtoto anataka kuvaa mayai ya chura. (anacheka)

DA ZUU: Na baadaye anaona viluwiluwi vinaogelea, hajui vimetoka wapi! Baolojia si ndiyo hiyo? Sasa anarudi mtu mzima, mugumo umekatwa, kijito kimekauka. Hapo elimu ya Marekani, maana alisoma Kansas kisha Pittsburgh, ikamwambia kwa nini: mizizi ya mti ule inashuka chini sana, inashika udongo, inayapa maji njia ya kupanda. Mama yake hakumpa maelezo hayo. Alimpa katazo tu. Lakini bila lile katazo asingekuwa na cha kueleza.

BABA LULU: Hapo umenigusa. Na shule yenyewe alibahatisha, nimewahi kusoma. Kaka yake ndiye aliyemuuliza mama, mbona Wangari haendi shule kama sisi?

DA ZUU: Ndiyo, na mama akakubali. Swali moja tu la jikoni. Halafu akiwa na miaka kumi na mmoja akapelekwa bweni kwa masista, na huko ukikutwa unaongea lugha ya kwenu unavishwa beji ya aibu, imeandikwa kwamba wewe ni mjinga.

BABA LULU: Sisi tulikuwa na kibao. Kipande cha ubao, kamba ya katani, shingoni mchana kutwa mpaka umkamate mwingine aliyeteleza. Unakuwa mpelelezi wa wenzako. Shule siitaji, ila nakumbuka kamba ilivyokuwa inawasha.

DA ZUU: Ukajifunza nini?

BABA LULU: Kunyamaza. Kiingereza nilikuja kukijua baadaye kwingine kabisa.

DA ZUU: Basi huyo ndiye mwanafunzi wangu wa dawati la nyuma. Sisi hatumvishi kibao, lakini ametoka shule ya msingi alikofundishwa kwa Kiswahili, na hata Kiswahili alikikuta shuleni, kwao ni Kimaasai. Kidato cha kwanza tunambadilishia tena. Ng'ombe wote anaowajua wamebaki lugha mbili nyuma.

BABA LULU: Ila Da Zuu, nikupinge kidogo. Unaongea kana kwamba nyumbani ni ghala la hekima. Nyumbani pia kunafumba macho. Kuna mtoto anakuja darasani ameshajua kwamba jirani ndiye aliyemroga mdogo wake. Kuna mvulana ameshajua dada yake ndiye wa kuosha vyombo mpaka kiama.

DA ZUU: Nyerere aliliona hilo, na hakulizunguka. Kwenye Elimu ya Kujitegemea, 1967, alisema shule zetu zinawafundisha watoto kuwadharau hata wazazi wao, kana kwamba mzee hana cha kufundisha. Matokeo yake, mtoto anachukua nyumbani imani za uchawi na miiko, lakini hajifunzi sifa za majani ya pale kwao, wala namna ya kupika vyakula vya asili vyenye lishe. Yaani anabeba makapi, anaacha nafaka. Hayo ya makapi ni maneno yangu, asije mtu akamsingizia Mwalimu.

BABA LULU: Na yeye alikuwa mchunga mifugo Butiama, shule kaanza na miaka kumi na miwili. Majani anayoyasema alikuwa anayajua.

DA ZUU: Aliyajua, ndiyo. Wewe kwenu ulibeba nini?

BABA LULU: Mimi? Nilibeba daftari. Mzee alikuwa na duka Muheza. Nimelelewa nyuma ya kaunta, juu ya gunia la sukari. Kazi yangu ilikuwa daftari la mkopo: fulani sabuni mche mmoja, fulani mafuta ya taa chupa. Nikiwa na miaka tisa dunia yangu ina watu wa aina mbili, wanaolipa na wasiolipa. Tukipita barabarani namwona mtu mzima na heshima zake, mimi kichwani nasoma deni lake.

DA ZUU: Mungu wangu.

BABA LULU: Kweli kabisa. Wakulima wa machungwa niliwaweka kundi la wabovu. Miezi inapita hawaonekani dukani, wakija wanakopa tena. Nikaja kupangiwa kidato cha tano Songea. Kutoka Muheza mpaka Songea, tranka juu ya basi, siku mbili njiani. Kitanda cha juu yangu alilala kijana wa pale pale mkoani, mtoto wa wakulima wa mahindi. Kila muhula anafika amechelewa, ada nusu. Nikamwona mbovu. Siku moja nikamtania kuhusu ada, akaniuliza kwa upole, "Kwenu mnapata hela lini?" Nikamjibu kila siku. Hakuelewa. Akaniambia, "Sisi tunapata mara moja kwa mwaka, mahindi yakishauzwa."

DA ZUU: Kila siku, na mara moja kwa mwaka.

BABA LULU: Nililala macho wazi. Wale watu wa machungwa wote wakanipitia mmoja mmoja. Hawakuwa wabovu, walikuwa na kalenda yao. Nikajiona nimeerevuka, nimefika mbali, nimeona dunia ambayo mzee wangu hajaiona.

DA ZUU: Ukamwambia?

BABA LULU: Likizo nilipofika tu. Sijavua hata viatu, naanza kumhutubia baba yangu kuhusu msimu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaenda kabatini, akatoa daftari la zamani, lile lile nililokuwa naandika mimi, akanifungulia. Pembeni ya majina mengine, kwa kalamu yake ya risasi, kuna herufi M ndogo. Miaka yote naiona, nilidhani ni alama ya wabaya.

DA ZUU: M ya nini?

BABA LULU: "Machungwa." Alikuwa anajua nani atalipa mwezi gani. Akanitazama, akaniuliza, "Sasa wewe ulidhani nakopesha kwa nini?"