Mzuka wa Kigiriki

Wafasiri wenzangu, asanteni kwa kuja. Nianze na kosa langu. Niliwahi kutafsiri habari za John Wesley, mhubiri wa Uingereza aliyeanzisha vuguvugu la Wamethodisti katika karne ya 18. Matini ilisema wapinzani wake walimlaumu kwa enthusiasm. Nikaandika "shauku", nikaendelea. Mhariri akanirudishia ukurasa, neno limepigwa mstari kwa kalamu nyekundu, na pembeni ameuliza: "Shauku ni kosa gani?"

Swali lile halikuniacha. Neno lenyewe limetoka Kigiriki, enthousiasmos, na kiini chake ni entheos: en ni "ndani", theos ni "mungu". Entheos ni mtu ambaye mungu yumo ndani yake. Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika mazungumzo yaitwayo Ion, anatoa mfano wa sumaku. Jiwe linanasa pete ya chuma, pete ile inanasa nyingine, hadi unakuta mnyororo mzima unaning'inia, na nguvu yote ni ya lile jiwe. Ndivyo mungu anavyomshika mshairi, mshairi akamshika mghani, mghani akawashika wasikilizaji. Mshairi saa hiyo akili zake hanazo. Anayesema ni mungu.

Uingereza ya karne ya 17 ilikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe na madhehebu mapya kila kona, wahubiri wakidai Mungu amesema nao ana kwa ana. Neno likageuka tusi. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliongeza sura nzima ya kulipinga jambo hilo katika toleo la nne la kitabu chake kikuu, mwaka 1700. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1755, katika fasili yake ya kwanza, inasema ni imani tupu ya mtu kwamba amepata ufunuo wake binafsi. Wesley naye alihubiri dhidi ya enthusiasm, akikataa kuhusishwa nayo. Maana ya leo, ya hamasa tu, ilikuja kushinda polepole.

Sasa tegeni sikio mtaani kwetu. Timu imefunga bao, kijana anaruka jukwaani: "Mzuka umepanda!" Bibi zetu walipotaja mzuka walimaanisha kile kinachomzukia mtu gizani. Na kupanda ndiko kulekule kwa pepo anayempanda mtu kichwani ngoma inapokolea. Napenda sana jambo hili: kijana yule hajasoma Kigiriki, na lugha yake imepita njia ileile. Hata jazba, tuliyoichukua kwa Waarabu, asili yake ni kuvutwa, na Masufi, Waislamu wanaotafuta ukaribu wa ndani na Mungu, hulitumia kwa anayevutwa na Mungu. Sumaku ya Plato hiyo.

Ukurasa ule niliurudisha hivi: "Walimlaumu kwamba anajidai kupandwa na Roho." Mhariri akaupitisha bila alama.