Shetani Sebuleni: Filamu za Pepo za Televisheni ya Marekani Miaka ya 1970

Asanteni kwa kuja, hasa ninyi mliokubali kukaa sakafuni. Nitaanza na mlio, tarehe zitafuata.

Ni usiku wa manane katika nyumba ya shamba huko Bucks County, jimbo la Pennsylvania. Mama wa nyumba anaamka: kuna mtoto mchanga analia. Watoto wake mwenyewe ni wawili, wamelala, na wameshapita umri wa kulia hivyo. Anatoka na nguo ya kulalia, anaufuata mlio hadi bandani, na humo anakuta chupa yenye ute mwekundu unaong'aa kama kaa la moto. Kilio kinatoka ndani ya chupa.

Basi, ni hivyo tu. Chupa, mwanga mwekundu, na sauti iliyorekodiwa. Nimeitazama sehemu hii mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila inapofika mkono wangu huenda wenyewe kwenye kitufe cha kupunguza sauti.

Filamu inaitwa Something Evil. Kituo cha CBS kiliirusha Ijumaa, tarehe 21 Januari 1972. Mwongozaji alikuwa kijana wa miaka 25, Steven Spielberg, ambaye wiki kumi nyuma alikuwa amewatoa jasho watazamaji wa ABC kwa Duel, ile ya lori linalomwandama dereva barabarani. Mpigapicha alikuwa Bill Butler, ambaye baadaye walikwenda pamoja baharini kutengeneza Jaws, ile ya papa mla watu. Na aliyeiandika ni Robert Clouse. Jina hilo huenda halimwambii kitu mtu humu ndani, lakini kazi yake mnaijua: ndiye aliyeongoza Enter the Dragon ya mwaka 1973. Kila aliyewahi kurusha mateke uani kwao akijiona Bruce Lee amepita mikononi mwa mtu huyu, na ni yeye huyuhuyu aliyemtia mtoto kwenye chupa.

Historia za sinema huzipitia filamu hizi za televisheni kwa mstari mmoja, kisha zinakimbilia The Exorcist, ile filamu ya makasisi wanaomtoa msichana pepo. Mimi nadai kwamba zilijua jambo ambalo sinema kubwa za pepo zilikuja kulisahau: mtu aliyepagawa anatisha zaidi pale ambapo bado hujajua ni nani.

Tuanze na jinsi zilivyotengenezwa, kwa sababu utisho wake umetoka katika umaskini wake. Mwaka 1969 ABC ilianza kutenga usiku mmoja wa wiki kwa filamu mpya iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni tu. Kipindi kilichukua dakika 90 pamoja na matangazo ya biashara, kwa hiyo filamu yenyewe ilikuwa na dakika 73 au 75. Wenzao wa CBS na NBC wakafuata. Pesa zilikuwa chache na siku za kupiga picha chache zaidi. Duel, ambayo leo inafundishwa vyuoni, iligharimu takriban dola 450,000 na ilipigwa kwa siku 12 au 13. Gharama zilibanwa hivyo, na kila kituo kilikuwa na ofisi yake ya maadili iliyosoma muswada kabla kamera haijawashwa. Damu ipunguzwe. Matusi yasitamkwe. Mtoto asifanyiwe jambo ambalo mama mtazamaji atalipigia simu kituoni kesho yake.

Sasa jiweke mahali pa mwongozaji. Umeagizwa ulete shetani, lakini hutakiwi kumwonyesha, na hata ungeruhusiwa huna fedha za kumtengeneza. Utamweka wapi? Utamweka katika sauti. Utamweka dirishani, mlangoni, katika mkono wa mama unaonyanyuka kumpiga mtoto kisha mama mwenyewe anautazama kama si wake.

Kulikuwa pia na matangazo ya biashara, ambayo watu huyataja kama hasara tupu. Mwandishi alilazimika kukata hadithi kila baada ya dakika kadhaa, na kila anapokata lazima aache kitu kinachoning'inia, la sivyo mtazamaji anageuza kituo. Picha inafifia hadi giza, kisha ghafla linakuja tangazo la sabuni, jiko linalometa, mama anayecheka. Mtazamaji ameketi katika nyumba ileile, mbele ya jiko kama lile. Ukitoka kwenye ukumbi wa sinema unamwacha shetani mle ukumbini. Hawa wa televisheni walimtazama sebuleni kwao, wakazima taa, wakapanda kulala juu yake.

Something Evil inalijua hilo kabisa. Mume katika hadithi, Paul, anafanya kazi ya kutengeneza matangazo ya televisheni. Anapiga tangazo palepale nyumbani kwake, kisha anapoutazama mkanda wa tangazo hilo kazini anaona macho mawili yanayowaka kwenye dirisha la nyumba. Siku ya kupiga picha hakuna aliyeyaona. Fikirini: shetani ameonekana ndani ya tangazo, na filamu yenyewe inakatizwa na matangazo.

Nikae hapo kidogo, maana mali nyingi iko hapo. Mama, Marjorie, anaigizwa na Sandy Dennis, mwigizaji aliyekuwa ameshapata tuzo ya Oscar, mwenye namna ya kusitasita katikati ya sentensi kama mtu anayesikia jambo chumba cha pili. Kwenye shamba lile kumechorwa nyota za ncha tano ndani ya duara, kinga ya watu wa zamani, naye mwanzoni anaziona kama pambo zuri. Kisha mambo yanaanza. Mume yuko kazini New York. Mtoto wa kiume, Stevie, anakuwa mtundu, mama anakosa subira, mama anampiga. Anaanza kujiogopa. Anajifunza habari za mashetani, anazisoma dalili, na kila dalili inamwelekea yeye. Sisi tunamwamini kwa sababu tumeona kwa macho yetu. Tunataka atenganishwe na wanawe.

Kumbe si yeye. Ni Stevie.

Aliyemwigiza Stevie ni Johnny Whitaker. Kwa Mmarekani wa mwaka 1972 uso huo haukuwa mgeni. Kuanzia 1966 hadi 1971, kwenye kituo hikihiki cha CBS, alikuwa ameigiza Jody katika Family Affair, yatima mdogo mwenye madoadoa usoni na nywele zilizojisokota, anayelelewa na ami yake. Miaka mitano taifa zima lilimpenda kama mtoto wa nyumbani. Shetani akafichwa nyuma ya sura iliyoaminiwa kuliko zote, na hakuna dola hata moja ya ziada iliyotumika. Sijui mbinu bora kuliko hiyo katika filamu yoyote ya aina hii, na ninasema hivyo nikiwa nimeziona zile za gharama kubwa.

Mwisho wake ndio unaonifanya nizungumze nanyi wa pwani badala ya kuandika makala nikanyamaza. Sisi tuna maneno mengi kwa mambo haya. Mtu ana pepo, ana mashetani, amepagawa, amepandisha. Na anayekaliwa tunamwita kiti. Fundi wa pepo hamwanzi mgeni kwa ukali. Anamuuliza: wewe nani, umetoka wapi, unataka nini? Pepo hujibu, mara nyingine kwa lugha ambayo kiti hakijui, hudai ubani, hudai kitambaa, pete, ngoma ya siku kadhaa. Wakielewana, anatulia. Masheikh na mapadri wana hukumu zao juu ya hayo, nami siingii humo. Nataja utaratibu tu. Kasisi wa kwenye filamu za Marekani naye huuliza jina, ila yeye huliuliza apate kumwamuru aliyelitaja atoke. Katika njia zote mbili kuna mtaalamu. Marjorie hana fundi wala kasisi. Yuko jirani anayechinja kuku na kunyunyiza damu shambani, yuko mzee msomi wa mambo ya mashetani, lakini usiku wenyewe unapofika yuko peke yake. Anamvuta mwanawe ndani ya duara lililochorwa, anamkumbatia huku mtoto akipigana naye, na anamwambia kwamba anampenda, tena na tena, mpaka kile kitu kinaachia. Wapo wanaoona mwisho huu ni mwepesi. Mimi naona ni mgumu sana, kwa sababu mkono unaokumbatia ni uleule uliopiga, na mama hajapewa muda wa kujisamehe.

Jambo la tarehe, maana huwa linapotoshwa. Watu husema filamu hizi ziliiga The Exorcist. Riwaya ile ilitoka mwaka 1971, kweli, na ilisomwa sana, lakini filamu yake iliingia kwenye kumbi tarehe 26 Desemba 1973, karibu miaka miwili baada ya Marjorie kuikuta chupa. Ukitafuta mzazi wa filamu hizi, Rosemary's Baby ya 1968 ina haki kubwa zaidi: mwanamke, nyumba mpya, mume mwenye shughuli zake, na shaka. Halafu tazameni majira yenyewe yalivyojaa. Darren McGavin, anayemwigiza mume asiyeamini katika Something Evil, siku kumi tu kabla, tarehe 11 Januari, alionekana ABC katika The Night Stalker akiwa mwandishi wa habari anayewaambia watu wa Las Vegas kwamba kuna mnyonya damu mjini, na hakuna anayemsikiliza. Ndani ya Januari moja, uso mmoja umekuwa wa anayeamini na wa asiyeamini.

Kutoka hapo namfuata mwigizaji Karen Black, kwa sababu alipagawa mara mbili ndani ya miaka miwili, na mara zote mbili kwa kalamu ya mwandishi Richard Matheson. Ya kwanza ni sehemu ya tatu ya Trilogy of Terror, filamu ya hadithi tatu, ABC, tarehe 4 Machi 1975, iliyoongozwa na Dan Curtis. Mwanamke, Amelia, yuko peke yake katika nyumba ya ghorofani na kinyago kidogo chenye meno na mkuki. Mnyororo unaokizuia unaanguka. Kamera inateremka hadi sakafuni na kukimbia kwa urefu wa kinyago, na mpaka leo watu wazima husimulia walivyopandisha miguu juu ya kochi. Lakini mimi sikuja kwa ajili ya kinyago. Nilikuja kwa ajili ya simu. Kabla ya vita tunamsikia Amelia akizungumza na mama yake kwa simu, akijitetea, akiomba ruhusa kama binti mdogo. Baada ya vita, kinyago kimeungua ndani ya jiko. Anafungua mlango wa jiko, moshi unatoka, anapiga ukelele. Kisha tunamwona ananyanyua simu tena. Anamwalika mama aje. Sauti ni yake, imetulia, na kule kujitetea kumeondoka. Hapo ndipo tunajua kiti kimepata mwenyewe, kwa sababu tu binti ameacha kuomba radhi.

Ya pili ni The Strange Possession of Mrs. Oliver, NBC, tarehe 28 Februari 1977. Bibi Oliver ni mke wa mwanasheria, amefungwa katika nguo za rangi hafifu na nyumba iliyopangwa na mumewe. Siku moja ananunua blauzi nyekundu na nywele bandia za dhahabu. Sitawamalizia hadithi. Ila niambieni, akina mama mliowahi kuhudhuria ngoma ya pepo au kusimuliwa na bibi zenu: mke aliyenyamaza miaka mingi, halafu anataka kitambaa chekundu, na mume hana budi kukitoa kwa sababu anayedai si mke tena. Matheson hakutoka pwani yetu wala hakuhitaji kutoka. Ameliona jambo lilelile akiwa California.

Za mwaka 1977 zilizobaki nitazipita haraka, kwa kuwa ugonjwa umeshaingia: vituo vilitaka kila filamu iwe mlango wa mfululizo. The Possessed ya NBC, tarehe 1 Mei, ina James Farentino kama mchungaji mlevi aliyekufa ajalini akarudishwa duniani kupambana na uovu katika shule ya wasichana ambamo vitu vinashika moto vyenyewe. Harrison Ford ni mwalimu humo na anaungua. Siku 24 baadaye Star Wars, iliyompa Ford umaarufu, ikaanza kuonyeshwa. Joan Hackett, mkuu wa shule, anastahili kutazamwa hata kama mengine yote utayaruka. Good Against Evil ya ABC, mwezi huohuo, ina kasisi, kitanda na sala, yaani The Exorcist iliyopunguzwa moto, na inaisha bila kuisha kwa sababu ilisubiri vipindi ambavyo havikuja. Katika zote mbili tunamjua mapema anayekuja kumtoa pepo.

Na neno juu ya kupotea. Mwaka 1972 nyumba za Marekani hazikuwa na mashine za kurekodi. Mikanda ya VHS ilianza kuuzwa huko mwaka 1977. Filamu ilirushwa, ukaiona au ukaikosa. Nyingi tulizonazo ni nakala ambazo watu wa kawaida walizirekodi baadaye ziliporudiwa usiku wa manane, zenye mistari, rangi zimechujuka, na vipande vimekatwa kuongeza matangazo. Hii ninayowaonyesha sasa ni ya namna hiyo, na nawaomba radhi kwa picha yake. Sauti iko salama.

Tutaanzia Marjorie akiwa kitandani. Aliye karibu na swichi, tafadhali, zima taa zote, hata ile ya mlangoni. Mtakapomsikia mtoto, mtazameni mama usoni, msiitafute chupa. Atakapogeuza shingo ndipo mjue mlio unatoka upande gani.