Kushiriki na Kushirikishwa

Ndugu zangu,

Naomba nianze na ukimya. Paulo Freire, mwalimu wa Brazili aliyezaliwa Recife mwaka 1921, alisimulia jinsi mazungumzo yake na wakulima yalivyokuwa yakipamba moto, kisha ghafla wote wakanyamaza na mmoja wao akaomba radhi: utusamehe bwana, tumesema sisi, ilhali wewe ndiye unayejua na sisi hatujui kitu. Hapakuwa na askari mlangoni, wala hakuna aliyewakataza kusema. Kilichowafunga midomo walikuwa wamekuja nacho wenyewe. Nadharia ya kihakiki, yaani fikra inayochunguza jinsi uonevu unavyojengeka na kudumu katika jamii, kwa maoni yangu ina thamani pale tu inapoweza kutueleza ukimya wa namna hiyo umetoka wapi.

Mwaka 1941 Erich Fromm, mmoja wa wanazuoni wa Frankfurt waliokimbia utawala wa Wanazi, aliuliza kwa nini watu waliokwisha kupata uhuru waukabidhi kwa mtawala mwenye mkono wa chuma. Aliona kwamba uhuru huja na upweke na mzigo wa kuamua, na kwamba wengi huona nafuu kumtwika mtu mwingine mzigo huo. Freire alilichukua swali hilo hadi kwa vibarua wa mashamba ya miwa ya Pernambuco, jimbo lake la nyumbani. Huko aliona kwamba anayedharauliwa tangu utotoni huishia kujitazama kwa macho ya anayemdharau, na mfano pekee wa utu uzima alionao ni wa tajiri mwenye shamba. Ndiyo maana haoti dunia isiyo na bwana. Anaota siku atakayokuwa bwana yeye. Mkulima akipandishwa kuwa msimamizi, aliandika Freire, mara nyingi huwa mkali kuliko mwenye mali. Aliyekulia karibu na mashamba ya mkonge ya Tanga hahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa neno mnyapara linamtosha.

Freire hakuwahubiria wakulima wale. Aliwauliza kwa nini yeye anajua na wao hawajui. Kwa sababu wewe umesoma, wakajibu. Kwa nini nimesoma? Kwa sababu baba yako aliweza kukusomesha. Na wenu je? Walikuwa wakulima kama sisi, na hayo ni mapenzi ya Mungu. Akawauliza walio wazazi kama baba mwema angempa mtoto mmoja kila kitu na kuwaacha wengine wateseke. Wakakataa. Basi si Mungu, wakasema, ni mwenye shamba. Ninayarudia mazungumzo haya kila mara kwa sababu jibu la mwisho halikutoka kwa mwalimu.

Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Angicos nchini Brazili, watu wapatao 300 walifundishwa kusoma kwa njia ya Freire kwa muda wa takriban saa 40, na Rais João Goulart mwenyewe akahudhuria somo la kufunga. Tuelewe uzito wa jambo hilo: katiba ya Brazili ya mwaka 1891 iliwanyima kura wasiojua kusoma, hivyo kila aliyejifunza kuandika alikuwa mpiga kura mpya. Wenye mashamba walilielewa hilo upesi. Jeshi lilipopindua serikali mwaka 1964, mpango wa kueneza njia hiyo nchi nzima ulifutwa, na Freire akafungwa, kisha akaenda uhamishoni. Wasiojua kusoma walirudishiwa kura mwaka 1985.

Hapa ndipo ninapotaka tuwe waangalifu sana. Nadharia inayosema kwamba uonevu huhamia ndani ya mwonewa inaweza kugeuzwa kuwa fimbo mpya mkononi mwa wakubwa: wananchi hawajawa tayari, waelimishwe kwanza, haki zao zitafuata. Katiba ile ya Brazili iliyowanyima kura wasiojua kusoma ilijengwa juu ya hoja hiyohiyo. Siikubali hata kidogo. Mtu hajifunzi kuamua kwa kuzuiwa kuamua, na woga wa kusema haumtoki mtu darasani kabla hajawahi kusema mahali ambapo neno lake linabadilisha kitu.

Tanzania ilijaribu pande zote mbili, kuwaachia watu waamue na kuwaamulia, ndani ya mwaka mmoja. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana kuhusu maji, mbu na vyoo, kisha wakatenda. Novemba mwaka huohuo ilitangazwa kwamba kuhamia katika vijiji vya pamoja si hiari tena. Mkulima aliyeombwa maoni yake kuhusu choo hakuulizwa kuhusu nyumba na shamba lake, na somo hilo la pili sidhani kama lilisahaulika upesi.

Lugha yetu yenyewe inatunza kumbukumbu hiyo. Siku hizi husemwa kwamba wananchi washirikishwe, nasi hulipokea neno hilo kama sifa. Lakini anayeshirikishwa ana mshirikishaji, ambaye ndiye mwenye jambo, mwenye saa na mwenye orodha ya ajenda. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 haisemi hivyo. Inaufanya mkutano mkuu wa kijiji, wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, kuwa ndio unaochagua halmashauri ya kijiji na unaoweza kuiondoa.

Nimehudhuria mikutano hiyo. Katika mmoja, taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa mbio, na mama mmoja akaomba isomwe tena, polepole. Aliambiwa hoja yake ingesubiri mengineyo. Akaketi, na nikadhani yameisha. Tulipofika kwenye mengineyo, mwenyekiti alitaka kufunga mkutano. Wanawake watatu wakasimama pamoja naye, na taarifa ikasomwa upya, kifungu kwa kifungu, hadi jua likazama.