Pigo Ambalo Halikuja

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Mwenyekiti kanipa nusu saa. Pambano la mieleka nililokuja kulizungumzia lenyewe lilichukua dakika 46 na sekunde 45, kwa hiyo nimeshapunjwa kabla sijaanza.

Naona pale nyuma kuna mtu ameanza kutabasamu. Najua unachotaka kuuliza, kaka. Ndiyo, mshindi hupangwa. Nimelijua hilo tangu enzi za kibanda umiza, tukibanana kwenye mabenchi, na kila nikisimama mahali kuzungumzia mieleka ya kulipwa kuna mtu ananipasulia siri hiyo kana kwamba kaipata usiku wa jana. Mbona ukienda Mtwara ukatazame mapiko humvui mchezaji kinyago ujue ni mtoto wa nani? Unajua fika kuna mtu mle ndani. Unachotazama ni anavyocheza. Akicheza vibaya, unasema kacheza vibaya. Basi, hilo tumelimaliza, na atakayeniuliza tena nitamwambia alichelewa kufika.

Mimi si mtaalamu. Wapo watu wanaofuatilia New Japan Pro-Wrestling, kampuni ya mieleka ya Japani, kila wiki, wanajua nani aliumia goti lini na nani hasemeshani na nani. Mimi natazama maonyesho mawili matatu makubwa kwa mwaka, kama mtu anayeiona timu yake siku ya dabi tu. Naamini sisi tunaotazama kwa nadra tuna kipimo chetu: hatuna deni la hadithi. Kitu kikitugusa, kimetugusa chenyewe.

Sasa, tarehe 4 Januari 2017, Wrestle Kingdom 11, onyesho lao kubwa la mwaka, Tokyo Dome. Huo ni uwanja wa besiboli, nyumbani kwa Yomiuri Giants, na New Japan wamekuwa wakiuchukua kila tarehe 4 Januari tangu 1992. Siku ile waliingia watu zaidi ya 26,000. Pambano kuu: Kazuchika Okada, bingwa, dhidi ya Kenny Omega, Mkanada wa Winnipeg, mgeni wa kwanza kushinda mashindano yao ya kiangazi, yale ya G1, mwaka uliotangulia. Okada ni mrefu, mtulivu, ana majivuno ya mtu mwenye pesa, na enzi hizo akiingia zilikuwa zikimwagika noti bandia zenye sura yake. Omega siku ile aliingia kama mtu nusu chuma. Mbwembwe hizo ziacheni.

Nitawaeleza silaha mbili tu, maana bila hizo tutapotezana.

Ya Okada inaitwa Rainmaker, mleta mvua. Anasimama nyuma yako, anakukumbatia, anakukamata kifundo cha mkono, kisha anakuachia uzunguke utoke nje kama mcheza rumba anavyomzungusha mwenzake. Ukifika mwisho wa mkono anakuvuta urudi, na unaporudi unakutana na mkono wake wa pili shingoni. Mara nyingi baada ya hapo habari imekwisha.

Ya Omega inaitwa One-Winged Angel, malaika wa bawa moja. Anakupakia mabegani kama baba anavyombeba mtoto aone gwaride, halafu anakukamata kwa mkono mmoja na kuanguka nawe chini, kichwa na shingo vikitangulia. Kufikia usiku ule mashabiki waliamini kwamba ukishapigwa hiyo huinuki.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndicho kilichonileta. Katika dakika 46 zile, Omega alimpiga Okada magoti ya uso hata nikaacha kuhesabu. Alimrusha kutoka juu ya kamba kwa suplesi ya kinyumenyume ambayo ilinifanya nishike shingo yangu mwenyewe. Na malaika wa bawa moja hakushuka. Anampandisha mabegani, Okada anachoropoka. Anampandisha tena, anachoropoka. Uwanja mzima unajua kinachosubiriwa, unakuja juu, "sasa!", halafu hakuna. Mwisho Okada akamvuta, mvua ikanyesha, mwamuzi Red Shoes Unno na viatu vyake vyekundu akapiga sakafu mara tatu, mabega ya Omega yakiwa chini. Omega kashindwa bila kufyatua risasi yake.

Mnaelewa ni ujasiri gani huo? Mtu anaandaa pambano kubwa kuliko yote ya maisha yake na anaamua kitu kinachosubiriwa kuliko vyote kisitokee. Kwingine tulikozoea, mtu anapigwa pigo la mwisho la mwenzake, anainua bega mwamuzi akiwa kwenye mbili na nusu, tunashangaa. Anapigwa tena, anainuka tena, tunashangaa kidogo. Mara ya tatu tunaenda kuchemsha chai. Wamekula mtaji. Omega na Okada walikwenda na faida tu, mtaji wakauacha benki. Agosti ya mwaka uleule walipokutana kwenye G1, malaika akashuka, na Okada akalala hesabu yote ya tatu. Nani asingeamini, baada ya kuona Januari jinsi alivyokuwa akimkimbia?

Mcheza bao atanielewa. Kete zilizojaa kwenye shimo usizozigusa ndizo zinazomnyima mwenzako usingizi.

Ngoja niwape kisa cha mjomba wangu, na wale mlioshakisikia nivumilieni. Mjomba alikuwa kuli bandarini, akastaafu. Ngumi anazipenda, mieleka anaidharau. Nikamwambia, mjomba, kaa hapa, tazama hili moja tu. Akakaa. Dakika za mwanzo wale wawili wanashikana tu, wanapimana, mmoja kakamata mkono, mwingine kajinasua, watu uwanjani kimya. Mjomba akauliza: "Hawa watazamaji wamelipa au wameletwa?" Nikamwambia, mjomba, Japani ndivyo wanavyotazama, wanasikiliza kwa macho. Akaguna. Kufika dakika ya 15 hivi kikombe cha chai kimeinamia tumboni na mjomba anakoroma.

Nikamwacha. Nikachukua kikombe.

Akashtuka pambano likiwa limepita dakika ya 40, kwa kelele, maana kufikia hapo kimya kimeshakwisha siku nyingi. Akatazama kioo. "Bado?!" Nikamwambia bado. Akakaza macho, na mimi nikanyamaza kabisa, sikumweleza neno. Baada ya dakika moja, mbili, akasema: "Huyu mrefu amechoka lakini nyumba ni yake. Yule mwingine kuna kitu anakitaka na hakipati."

Jamani! Mtu kalala zaidi ya nusu ya shughuli, hajui majina, hajui mkanda, hajui G1, na kasoma kila kitu kwenye miili. Na hajaongoka, msije mkadhani. Hadi leo anaiita michezo ya watoto. Ila mwezi uliofuata aliniuliza, tukiwa kwenye foleni ya maji, "Yule wako alikipata alichokuwa anakitaka?"

Sasa nakuja kwenye pingamizi, maana lipo na lina haki: dakika 46 ni nyingi mno. Nakubali. Mjomba hakulala kwa utovu wa adabu. Mimi mwenyewe ningepunguza dakika nane za mwanzo, na ningewazuia walioamua baada ya usiku ule kwamba kila pambano kuu lazima liwe refu kama mkesha. Hilo ndilo balaa lililofuata: walioiga waliiga urefu, subira hawakuiiga. Ukinilaza dakika 20 bila kuweka chochote benki, umenilaza tu. Hawa wawili waliweka. Mfano ni ile meza. Ilisimamishwa nje ya ulingo mapema, ikaachwa pale. Unaiona, unaisahau, kamera inapita unaiona tena. Halafu Omega anakuja mbio, Okada anainama na kumnyanyua kwa mgongo, na jamaa anapita juu ya kamba zote tatu, anakwenda hewani muda mrefu kuliko inavyostahili, anatua kwa mgongo juu ya meza ile. Aliye nje ya ulingo, New Japan humhesabia hadi 20 arudi, si 10 kama mlivyozoea kwingine, kwa hiyo hata kuanguka huko kunapewa nafasi kupoe. Hakuna anayekimbilia pigo linalofuata.

Kuna dada pale ameinua mkono. Baadaye, mama, nitakusikiliza. Najua utauliza Japani inatuhusu nini sisi. Swali zuri, na jibu lake linapitia Kinshasa.

Tarehe 30 Oktoba 1974 Muhammad Ali anapigana na George Foreman Kinshasa, na umati unaimba kwa Kilingala "Ali, boma ye", yaani Ali, muue. Wote tunalijua hilo. Wengi hawajui lilikoishia. Juni 1976 Ali akaenda Tokyo, ukumbi wa Nippon Budokan, akapambane na Antonio Inoki, mwanamieleka aliyeanzisha New Japan hiyohiyo mwaka 1972. Raundi 15, na karibu zote Inoki kalala chali sakafuni anampiga Ali mateke ya miguu. Matokeo sare, watu wamekasirika, miguu ya Ali imevimba. Kama mnataka kuona kungoja kusikozaa kitu, ni pale. Lakini wakawa marafiki, na ule wito wa Kinshasa Inoki akarithishwa: alipokuwa akiingia ulingoni muziki wake ulisema bomaye. Miaka baadaye Shinsuke Nakamura, kijana wa kampuni ileile, akaliita goti lake la kummaliza mtu Boma Ye. Makumi ya maelfu ya Wajapani wanasubiri neno la Kilingala! Nakamura aliondoka kwenda WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, Januari 2016, kwa hiyo usiku ninaousema hakuwepo, na pengo lake lilionekana. Lakini msiniambie tena kwamba ni mambo ya mbali.

Nilikuwa wapi? Nyota. Dave Meltzer, mwandishi wa Marekani anayeyapa mapambano nyota, alilipa pambano hili sita. Kipimo kiliishia tano. Mwalimu wangu wa hesabu angetuchapa yeye na mimi. Kelele zote zilizofuata zilikuwa za hiyo nyota ya sita, je ni halali, je ni bora kuliko mapambano ya zamani yanayosifiwa, na pigo ambalo halikuja nadra kumsikia mtu akilitaja. Mimi nyota sina. Kipimo changu ni foleni ya maji: mwezi mzima umepita, mtu bado anauliza?

Mengine ya usiku ule nayapitia haraka, mwenyekiti anatazama saa yake kwa makusudi kabisa ili nimwone.

Robo ya orodha ilikuwa ya kutafutia watu kazi. Mapambano ya timu tatu tatu, mikanda ya watu watatu watatu, unaingia unatoka. Naelewa, kila mtu anataka kula Januari, lakini mimi mtazamaji wa mara mbili kwa mwaka siwezi kubeba mikanda yote hiyo kichwani. Hiromu Takahashi kumpokonya KUSHIDA mkanda wa uzito mdogo: zuri, la hatari, nenda kalitazame.

Tetsuya Naito na Hiroshi Tanahashi, hili nilitaka nilipe dakika kumi. Miaka mitatu nyuma, Januari 2014, Naito alitakiwa kuwa kwenye pambano kuu la uwanja uleule. Wakaulizwa mashabiki wapige kura, na kura zikamshusha chini, zikampandisha Tanahashi na Nakamura. Fikirieni aibu hiyo, mbele ya nchi nzima. Akaenda Mexico, akarudi mtu mwingine, hajali, anatembea polepole, analivuta kope lake kwa vidole na kuwafungulia watu jicho kana kwamba anawaambia, haya, nionyesheni vizuri mlivyonikataa. Mkanda wenyewe aliokuwa nao alikuwa akiurusharusha kama ndoo tupu. Siku ile akashughulika na goti la Tanahashi hadi likakata tamaa, akashinda. Ukililinganisha na lile kuu, hili lilikuwa fupi na mimi binafsi ningelitazama tena kwanza. Nimesema.

Na Katsuyori Shibata. Hirooki Goto alimshinda usiku ule, marafiki wa shule moja, wanatwangana kama wanadaiana mahari. Shibata alikuwa na tabia ya kupiga kwa kichwa, mfupa kwa mfupa, bila kupunguza. Aprili mwaka huohuo, dhidi ya Okada, akapiga hivyo, damu ikavuja ndani ya fuvu, akapasuliwa. Pambano kamili hakulipata tena hadi Januari 2022. Kwa hiyo wewe kaka wa nyuma unayetaka mieleka ya kweli, ya kweli ndiyo hiyo. Mimi nampendelea anayeniogopesha na kesho yake anakula kifungua kinywa na wanawe.

Nimeonyeshwa vidole viwili. Haya, zimeni taa za mbele. Kijana wa projekta, rudisha nyuma. Si hapo, hapo meza imeshavunjika. Nyuma zaidi. Zaidi. Acha hapo, iko kona ya kushoto, bado imesimama. Mama, sasa uliza swali lako.