Rola ya pipa kwa udongo wa Dodoma

(Mhadhara uliotolewa kwa wafugaji na askari wa wanyamapori wa vijiji, Nzuguni, Dodoma)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama na vijana, habari za tangu asubuhi. Najua jua limeshapanda na kuna watu wametoka mbali, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja.

Nimeombwa nizungumzie upandaji wa malisho. Mbegu zenyewe mnazijua. Kongwa pale, TALIRI, yaani taasisi ya utafiti wa mifugo, wamekaa na nyasi za bafeli kwa miaka mingi, na wengi wenu mmeshazinunua. Ninachotaka tuulizane ni hiki: kwa nini mtu ananunua mbegu nzuri kwa hela yake, anaimwaga shambani, mvua inanyesha, halafu kinachoota ni magugu?

Punje ya bafeli ni nyepesi na ina manyoya. Ukiimwaga kwenye shamba lililolimwa likaachwa na mabonge, inaning'inia katikati ya mabonge na chini yake kuna hewa tupu. Mvua ya kwanza inailowesha, inavimba, inatoa kimzizi. Likija jua la siku tatu nne, kimzizi kile hakijafika kwenye unyevu, basi habari yake imekwisha. Nyingine zinatumbukia chini sana zinashindwa kutoka. Zilizobaki juu kabisa zinabebwa na sisimizi. Watu wanasema mbegu ilikuwa mbovu. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi mbegu na udongo havikushikana.

Rola, yaani kitu kizito cha mviringo kinachoviringishwa juu ya shamba, inafanya kazi hiyo moja, kuibana punje kwenye udongo. Udongo uliobanwa kiasi unabaki na vinjia vyembamba ambavyo maji hupanda kutoka chini mpaka kwenye punje. Udongo wenye matundu makubwa haupandishi maji, unakauka tu.

Jambo hili si geni duniani. Waingereza wana rola ya pete za chuma wanayoiita Cambridge, kwa jina la William Cambridge aliyeipatia hataza katika karne ya 19. Marekani wapo wawindaji wenye ardhi yao wanaopanda vishamba vya klova, ambayo ni majani ya malisho, na tanipu, mboga ya mizizi, ili kulungu wao wa mkia mweupe waje kula, na wengi wao hawanunui rola. Wanajitengenezea nyumbani, kwa pipa lililojazwa zege, kwa kipande cha kalavati, hata kwa gogo. Picha zao mnaziona kwenye simu, na kuna kijana mmoja hapa amenionyesha leo asubuhi akitaka kuiga vilevile ilivyo.

Mimi nasema usiige vilevile. Rola yao nyingi ni laini, inaacha shamba limenyooka kama sakafu. Mashariki ya Marekani mvua au theluji huja karibu kila mwezi, na nyingi huja taratibu, hivyo sakafu ile haiwaumizi. Sisi tunapata milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzima, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na katikati Februari inaweza kukatika mpaka mtu akaanza kuuza mbuzi. Halafu ikija, inakuja kwa kishindo. Udongo wetu mwekundu wa kichanga ukipigwa na matone makubwa unafunga ganda juu. Ukishaulainisha kwa pipa, umelisaidia ganda kufunga. Maji hayaingii, yanateleza, yanaondoka na mbegu yako kwenda kwa jirani wa bondeni.

Wazee wa Kondoa hawahitaji kuelezwa maji yanayoteleza yanafanya nini. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973 kwa sababu hiyo, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoliwa na mmomonyoko. Na wa Kongwa wana historia yao ya karanga. Waingereza walileta mashine nzito mwaka 1947, wakasafisha pori, udongo ulipokauka ukawa mgumu hata karanga hazing'oki, na mwaka 1951 mradi ukafungwa. Nguvu ya mashine walikuwa nayo, tena ya kutosha.

Kwa hiyo rola ya Dodoma inatakiwa ibane mbegu, na papo hapo iache vishimo vya kushika maji. Nimesema vishimo. Sikusema mifereji. Ukizungushia pipa nondo peke yake, zitakuchorea mifereji mirefu, na siku ukilivuta kuteremka mlima umewachimbia maji njia. Kishimo kinaanza na kuishia hapohapo. Kule Arizona, Marekani, ambako ni kukavu kuliko kwetu, mtafiti Robert Dixon alitengeneza katika miaka ya 1970 rola yenye meno ya chuma ya pembe kwa ajili ya kurudisha nyasi kwenye nyanda zilizochakaa. Maji, mbegu na takataka za majani vyote vinakusanyika kwenye kishimo kimoja, na nyasi zinaanzia hapo. Waliowahi kufika Pembamoto, kule Kongwa, wakaona yale makinga maji ya nusu mwezi watanielewa haraka. Wazo ni lilelile, ila hapa tunalifanya kwa udogo wa kiganja.

Sasa tujenge.

Tafuta pipa la lita 200. Upana wake ni karibu sentimita 58 na urefu karibu 88. Kabla ya yote, uliza lilibeba nini. Lililobeba sumu za kilimo liache. Lililobeba petroli, dizeli au oili, fundi asiliguse na moto hata kama limekaa wazi mwaka mzima, maana mvuke uliobaki ndani hulipuka na pipa linageuka bomu. Lioshe kwa maji ya moto na sabuni zaidi ya mara moja, kisha wakati wa kuchomelea lijazwe maji mpaka karibu na pale moto unapofanya kazi, kizibo kikiwa wazi. Hapa sitaki ubishi. Fundi akikwambia hana muda wa kuosha, tafuta mwingine.

Ekseli ni bomba la chuma la inchi 2 linalopita katikati ya pipa na kutokeza kama sentimita 20 kila upande. Tafuta kitovu cha kila kifuniko kwa kamba na chaki, usikisie kwa jicho, kwa sababu rola iliyokosa kitovu inadunda. Toboa, pitisha bomba, weka bamba nene la duara kila upande kama kola, chomelea pande zote mpaka maji yasivuje.

Meno usiyachomelee kwenye pipa lenyewe. Bati la pipa ni jembamba, moto unalitoboa, na ukiziba hapa linavuja pale. Tengeneza kizimba cha kulivalisha. Chukua chuma bapa cha upana wa milimita 40, kunja pete nne. Mzingo wa pipa ni karibu sentimita 182, lakini pima la kwako kwa kamba kwanza. Kila pete ikate nusu mbili na uipe masikio ya bolti. Pete mbili zinakaa kwenye ncha za pipa, na mbili zinaegemea ile mikunjo miwili iliyopo katikati ya kila pipa, ili kizimba kisihame. Kati ya pete na pete chomelea vipande vya engo, kile chuma chenye umbo la L, ya milimita 40, kona ikitazama nje. Vipande sita kuzunguka kila sehemu, na sehemu ziko tatu, jumla 18. Vipande vya sehemu moja visilingane na vya sehemu ya jirani, vipishane, la sivyo rola itatembea kwa kugonga na ng'ombe watakasirika. Mwisho unafunga nusu mbili za kizimba kwa bolti 8, chini ya pete ukiwa umetandika mpira wa tyubu iliyokufa ili zing'ang'anie.

Kona ile ya engo inaacha kishimo cha kina cha sentimita 2 hivi, kutegemea udongo. Kwa nyasi inatosha.

Mahali pa kuzungukia ekseli, vijana wanapenda beringi. Kwenye vumbi letu, grisi ikichanganyika na mchanga inasaga chuma. Mimi napendelea vipande viwili vya mti mgumu, mninga au mpingo, vilivyotobolewa na kulowekwa kwenye oili chafu. Vikilika, unachonga vingine chini ya mti huku unapiga soga.

Uzito ni suala la nani anavuta. Pipa likijaa maji ni kilo 200, na pamoja na chuma chote inafika kama 270. Likijaa mchanga mkavu, mchanga peke yake unakaribia 300. Zege ni karibu 480. Maksai wetu wa asili ana kilo 250 hadi 350, na kwa kazi ya saa nyingi anavuta karibu sehemu ya kumi ya uzito wake. Mwenye jozi moja ya maksai ajaze maji, basi. Zege mwachieni mwenye trekta, naye kwenye kichanga sioni anaihitaji ya nini. Maji yana faida nyingine: ukimaliza unafungua kizibo, na vijana wawili wanaliinua pipa kwenye mkokoteni.

Na fremu ya kuvutia iwe na mti mmoja mgumu wa katikati kama wa mkokoteni. Usitumie mnyororo. Mnyororo unavuta lakini haushiki breki, na kwenye mteremko rola inawafuata ng'ombe miguuni. Nimeona kisigino cha maksai kilichopigwa namna hiyo, na mwenyewe alimchinja wiki ileile.

Shambani mambo ni machache. Lima juu juu mwishoni mwa Novemba, vunja mabonge, pitisha rola mara moja. Kanyaga: kisigino chako kikizama zaidi ya sentimita moja, pitisha tena. Mbegu ya bafeli iwe imekaa ghalani walau miezi sita, kwa maana mpya kabisa huwa bado imelala na haioti vizuri. Changanya na mchanga mkavu ili isishikamane, mwaga, kokota tawi la miiba mara moja, kisha rola ya mwisho ipite kukinga mteremko, kamwe isiufuate. Udongo ukiwa umelowa, ng'ombe wakae nyumbani. Finyanga tonge la udongo mkononi, likishikamana bila kupasuka subiri. Kwenye mbuga nyeusi, yaani udongo mzito wa mfinyanzi, utasubiri sana, na kwa kweli huko sikushauri rola kabisa.

Kunde na fiwi ni punje kubwa, zifukie sentimita 3 hadi 5 kama kawaida. Hizo rola ni ya kumalizia tu, ukipenda.

Sasa ndugu zangu askari wa wanyamapori, najua mmeniletea swali lenu, kama tupande vishamba vya kulisha wanyamapori, nitalijibu kabla halijaulizwa. Yule Mmarekani anapanda klova ili mnyama aje karibu na kibanda chake, kwenye ardhi yake. Kwetu mnyamapori ni mali ya taifa, na majirani wa pori la akiba la Swagaswaga kule Chemba na Kondoa wanalala macho kwa ajili ya tembo. Mtu akipanda kishamba cha kunde pembezoni mwa pori kwa nia njema ya kulisha swala, atakayefika usiku ni tembo, na baada ya kunde ataendelea na mtama wa watu. Mimi naipinga fikra hiyo waziwazi. Rola hii itumieni kurudisha nyasi za asili kwenye vipara, mbali na mashamba, mkiwa na kibali cha wenye mamlaka na pori lile, na mbegu ikusanywe humohumo. Mkirudisha nyasi, swala watazipata bila kualikwa.

Hapo nilitulia, na maswali yakaja mengi. Mama mmoja wa Mvumi aliuliza kama punda wawili wanaweza kuivuta. Nikamjibu: mama, wanaweza ukijaza maji nusu, lakini pipa la nusu lina tabu yake, maji yanacheza ndani na rola inakwenda kwa kusukasuka. Afadhali ulikate pipa liwe fupi, ufunge upya kifuniko, ulijaze mpaka juu. Akauliza kizimba je? Nikamwambia pete tatu badala ya nne, vipande vya engo 12, bolti 6, na fundi asimtoze bei ya pipa zima.