Mshahara Uliofanya Kazi Miaka Sita

Marahaba, marahaba. Kaeni. Wa nyuma sogeeni mbele, feni hii inapiga kelele. Leo tunasahihisha sentensi za Kiingereza, zile za kwenye mitihani.

Nianze na aibu yangu. Zamani niliandika barua ya Kiingereza kuomba nyongeza. Sentensi ya kwanza ilikuwa hii: "Having worked here for six years, my salary is still low." Bosi akaniita, akaisoma kwa sauti, akauliza, "Kumbe ni mshahara wako uliofanya kazi hapa miaka sita. Wewe ulikuwa wapi?"

Nilinuna siku nzima, maana kichwani, kwa Kiswahili, sikuona kosa. "Nikiwa nimefanya kazi hapa miaka sita, mshahara wangu bado ni mdogo." Nani kafanya kazi? Mimi. Ile "ni" imo ndani ya kitenzi, hata ukitaka huwezi kuihamishia kwa mshahara. Lakini "having worked" haina mtu ndani yake. Ni kitenzi kilichotoka nyumbani bila mwenyewe, na nomino kuu itakayotokea baada ya koma ndiyo kitakayoishika mkono. Wengi wetu tunaanguka hapo, na si kwa uvivu wa kusoma. Lugha yetu imetuzoesha kwamba mwenyewe hapotei.

Sasa tazameni ubaoni. "Established as a national university in 1970, students come to the University of Dar es Salaam from all over Tanzania." Wanafunzi ndio walioanzishwa mwaka 1970! Mnacheka, lakini watunga mitihani wanajua mtaliona hilo, kwa hiyo wanawawekea mtego wa pili: "Established as a national university in 1970, the University of Dar es Salaam's students come from all over Tanzania." Macho yanakutana na jina la chuo, moyo unatulia, unachagua. Umeliwa. Ile alama ya umilikaji imekigeuza chuo kuwa cha kupambia tu, na nomino yenyewe bado ni "students". Sahihi ni hii: "Established as a national university in 1970, the University of Dar es Salaam draws students from all over Tanzania."

Ngeli nazo zinatudekeza. Nikisema "kikombe cha chai kilichovunjika", au "kikombe cha chai iliyopoa", huhitaji kuuliza kipi kimevunjika na kipi kimepoa. Kiingereza hakina ki- wala i- za kukuonyesha njia, kwa hiyo kinategemea zaidi mahali neno lilipokaa. Ila tusijisifu sana: "mtoto wa mwalimu anayelia" ni nani analia? Ngeli ikiwa moja, na sisi tumo shimoni.

Upande wa ulinganifu, yaani vitu vya orodha moja kuvaa umbo moja, adui ni "ku". Kwetu "kusoma" ni "to read" na ni "reading", kitenzi-jina kimoja tu. Ndiyo maana "The job involves typing letters, answering phones and to receive visitors" haitukwaruzi sikio. Kuchapa, kupokea, kukaribisha, tatizo liko wapi? Kwa Mwingereza hizo ni sare mbili kwenye gwaride moja. Na kumbukeni, kwenye zoezi letu mnaruhusiwa kubadilisha sehemu iliyopigiwa mstari peke yake. Kama "typing" na "answering" ziko nje ya mstari, hizo ndizo zimeshaamua. Usibishane nazo.

Lakini si kila koma ni orodha. "The company cut costs, closing two branches and dismissing ten workers." Hapa hakuna mambo matatu. Jambo ni moja, kupunguza gharama, na hayo mawili yanaeleza lilivyofanyika. Ukibadilisha ziwe "cut, closed and dismissed" sarufi itapona, lakini maana itahama. Kwangu mimi kosa hili ni baya kuliko la sare.

GMAT, mtihani wa kuingia shule za biashara, iliuliza maswali haya ya kusahihisha sentensi kwa miaka mingi, majibu matano, la kwanza likirudia sentensi kama ilivyo. Toleo lililoanza mwishoni mwa 2023 limeyaondoa. Msishangilie, kifafanuzi kisicho na mwenyewe, kama ile "having worked" yangu, bado kinawasubiri kwenye SAT, mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani, na mabosi bado wanasoma barua.

Ndiyo, dada. Anauliza "only" ikae wapi kwenye sentensi. Swali zuri. Sisi "tu" inakaa mgongoni mwa kitu chake: "nilikula maandazi mawili tu". Mtaani London watu husema "I only ate two" na hakuna anayeshtuka. Kwenye karatasi, iweke mbele ya hayo mawili: "I ate only two".

Haya, geuzeni karatasi. Sentensi ya kwanza, nani anasoma?