Hesabu Utitiri Kabla ya Kununua Dawa

Ndugu zangu wafugaji wa nyuki, nimelisema hili mara nyingi na leo nalirudia: usinunue dawa ya varoa, utitiri unaowashambulia nyuki, kabla hujauhesabu. Mtu anaona nyuki mmoja wa mabawa yaliyojikunja, dalili ya varoa, kesho yake ameshatia dawa mzingani. Amejuaje utitiri ni mwingi kiasi gani?

Tafuta chupa ya mdomo mpana na kifuniko cha wavu wa matundu ya milimita 3. Ngoja jioni, puliza moshi, toa sega lenye majana, yaani watoto wa nyuki, maana utitiri hupenda nyuki walezi. Mtafute malkia kwanza! Usipokuwa na hakika kuwa hayumo, liache sega hilo. Kwenye mzinga wa pau, usio na fremu, usilitikise sega, litakatika. Wapanguse nyuki kwa unyoya waingie chupani, kisha uifunge kwa wavu. Mililita 100 ni nyuki 300 hivi, na wetu, kwa udogo wao, watazidi kidogo. Tia vijiko 2 vya sukari iliyosagwa laini kama unga, zungusha chupa dakika moja, iache itulie dakika 2, kisha ipindue uitikise kwa nguvu juu ya beseni jeupe lenye maji. Sukari itayeyuka, utitiri utabaki, wekundu wa kahawia. Ukipata 9, ni 3 kwa nyuki 100. Nyuki warudishe mzingani, wazima.

Sega likiwa na nekta mbichi, itawalowesha nyuki, sukari itagandamana na utitiri hautaanguka. Utaona sifuri, na si sifuri!

Kwa 3 kwa nyuki 100, hapa kwetu usikimbilie dawa. Mtasema: mbona Marekani kwa kiwango hicho wanatibu? Nyuki wao si hawa! Varoa iliripotiwa Kenya na Tanzania mwaka 2009, na makundi yetu mengi yanaishi nayo bila dawa. Afrika Kusini iliingia 1997. Wengi hawakutibu, na baada ya miaka michache nyuki waliihimili. Ukilitibu kundi dhaifu, madume yake yanasambaza udhaifu kwa jirani. Na fluvalineti, dawa mojawapo ya varoa, hukaa ndani ya nta. Basi hesabu kila mwezi, gawanya makundi yenye utitiri mchache, usizalishe kutoka lenye mwingi.

Muda umeniishia, niseme haraka. Asidi ya oksaliki, dawa nyingine ya varoa, haipenyi vifuniko vya majana, ambako utitiri hujificha, na mizinga yetu ina majana karibu mwaka mzima. Sega la madume lililofunikwa likate ukaliyeyushe kabla hayajatoka. Ukichelewa, utitiri uliokomaa humo unarudi mzingani.